Ndege Huja Mwisho

Maneno haya kuhusu kupiga picha za ndege wa baharini niliyasema Jumamosi hapa Malindi, mbele ya wapiga picha, waongoza watalii na manahodha wa mashua. Wengi wenu mlikuwa na harusi za kupiga mkashindwa kufika, na shida hiyo naijua vizuri. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha; palipolazimu nimezieleza kwa maneno.

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote? Wazee wangu wa mbele, shikamooni. Nanyi mliojibanza kule nyuma karibu na birika la kahawa, nawaona.

Nianze na swali. Nani kati yenu ana picha ya ndege wa baharini akiwa angani? Inueni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Haya, mikono ibaki juu. Sasa, nani ana picha ya ndege huyo ambayo si ya mkia?

Naona mikono inashuka. Inashuka tu.

Siwacheki nyinyi, najicheka mimi. Mnanijua kwa harusi. Miaka kumi na kitu nimepiga picha za mabibi harusi kutoka Mambrui mpaka Kilifi, na kamera naijua. Basi siku moja nikaazima lenzi ya milimita 400, ile ndefu ya kuvuta vilivyo mbali, nikasema leo nakwenda mlango wa mto Sabaki kupiga buabua. (Majina ya ndege hawa pwani yetu ni mengi, kila kijiji na lake, na ugomvi wake hauishi. Mimi leo nitasema buabua kwa wale wembamba wenye mkia wa panda na shakwe kwa wale wanene. Anayetaka kunisahihisha anisubiri kwenye kahawa.) Nilikwenda alasiri, maana asubuhi nilikuwa na kazi. Jua mgongoni, kama tulivyofundishwa sote. Nikakimbia. Ndege akitoka kulia nakimbilia kulia, akitoka kushoto nakimbilia kushoto, viatu vimejaa mchanga, jasho linaingia kwenye kioo cha kuchungulia. Nilirudi na picha zaidi ya 900. Nikakaa kuzitazama usiku ule. Mkia. Mkia. Mkia. Bawa lililokatwa. Mbingu tupu. Mkia.

Kesho yake nikampelekea mjomba wangu malalamiko. Mjomba ni mvuvi, kastaafu, hushinda barazani na nyavu zake. Nikamwambia ndege wa Sabaki hawapigiki. Hakuinua macho. Akaniuliza, "Mpwa wangu, huko harusini humkimbiza bibi harusi ukumbi mzima?"

Nikasema, "La, mjomba."

"Hufanyaje?"

"Nasimama pale mlangoni penye mwanga mzuri, namngoja aingie."

"Basi," akasema, akarudi kwenye nyavu zake.

Ndugu zangu, yote nitakayosema leo yamo katika lile "basi". Upepo kwanza. Jua. Maji. Kilicho nyuma ya picha. Ndege huja mwisho. Ukishapanga hayo manne, ndege atakuja mwenyewe, na asipokuja yeye atakuja mwenzake, kwa sababu hawana njia nyingine.

Kwa nini hawana njia nyingine? Manahodha waniambie. Mashua ikifika gati wakati wa upepo, unaileta vipi? Unaielekeza upeponi. Ndege naye hivyo hivyo. Akiondoka huelekeza mdomo upeponi, akitua huelekeza mdomo upeponi, na akitafuta samaki hukaa kichwa upeponi akielea karibu pale pale, kama kishada. Mpiga picha asiyejua upepo unatoka wapi hajui uso wa ndege utakuwa wapi.

Sasa njooni kwenye siri ya mikia yangu 900, maana ilinichukua muda kuielewa. Pwani yetu hii inatazama mashariki. Upepo wetu ni wa aina mbili kubwa: kusi, unaotoka kusini na kusini-mashariki, na kaskazi, unaotoka kaskazini-mashariki. Mnaona? Kusi au kaskazi, ndani yake mna mashariki. Maana yake ndege wetu karibu mwaka mzima wanapeleka mdomo baharini. Mimi nilisimama ufukweni alasiri, jua liko magharibi mgongoni kwangu, natazama bahari. Ndege wananipa nini? Wananipa mkia! Ningekimbia mpaka Lamu ningepata mkia.

Kanuni ya vitabu vya wenzetu inasema jua na upepo vyote viwe mgongoni kwako, ndege aje akikutazama huku jua likimwangaza usoni. Kanuni nzuri. Lakini kwetu jua na upepo wamegombana. Mwezi wa sita, kusi likivuma, jua linachomoza upande wa kaskazini-mashariki. Mwezi wa kwanza, kaskazi likivuma, jua linachomoza upande wa kusini-mashariki. Kila mmoja anamkwepa mwenzake. Kwa hiyo ule uso kwa uso kamili sisi hatuupati mara nyingi. Tunapata ubavu, na ubavu ukiugeuza kidogo kuja kwako ndio picha tamu kuliko zote, kwa sababu unaona jicho, mdomo na mabawa yote mawili.

Fanya hivi. Nenda asubuhi. Usikae ufukweni ukatazama bahari. Tafuta mahali ambapo maji yako upande wa magharibi yako. Fungu la mchanga. Ukingo wa hori kama kule Mida. Au pale Sabaki, ule ulimi wa mchanga kati ya mto na bahari: bahari ipe mgongo, mto uupe uso. Jua litakuwa nyuma yako. Wakati wa kusi ndege watapita mbele yako wakienda mkono wako wa kushoto. Wakati wa kaskazi watapita kwenda kulia. Siku baada ya siku. Mimi nilipoligundua hili nilijiona kama niliyeibiwa na nafsi yangu, zile alasiri zote!

Na maji je? Maji yakipwa, ndege wametawanyika kila mahali wanakula, na wewe ni nukta moja kwenye tope. Maji yakijaa, mafungu yanazama moja moja, na ndege wanabanwa kwenye lile lililobaki. Wakati huo ndio wanaruka na kutua, kuruka na kutua, wanasukumana kama watu wa feri ya Likoni. Kwa hiyo unataka maji ya kujaa, na unayataka mwanga ukiwa laini, tuseme saa moja asubuhi. Bamvua lenyewe, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, kwetu hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, gizani au kwenye mikia. Lakini subiri siku tatu nne. Maji husogea karibu saa nzima kila siku. Ukihesabu kwa mwezi mwandamo, mwezi nne au tano, na tena mwezi kumi na nane au kumi na tisa, maji yanajaa jua likiwa limetoka tu, na bado yana nguvu ya kufunika mchanga. Hesabu hii wavuvi wanayo kichwani, hawahitaji programu ya simu. Waulizeni, na mnunulie mtu chai.

Sasa niwape kisa cha mtu wa mbali. Mfaransa mmoja, Étienne-Jules Marey, daktari aliyependa kuchunguza mwendo wa viumbe. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki. Kweli, bunduki: ina kitako cha bega, ina mtutu, ina kifyatulio. Ukifyatua, inapiga picha 12 kwa sekunde moja. Majira ya baridi alikuwa akikaa Posillipo, karibu na Naples, kule Italia, akiwalenga ndege wa pwani. Husimuliwa kwamba watu wa pale walimwona kichaa. Ana bunduki, analenga, anafyatua, hakuna mlio, hakuna ndege anayeanguka, naye anarudi nyumbani amefurahi!

Nampenda mzee yule. Alikuwa akiuliza swali ambalo nyinyi mnapaswa kuuliza kila mnapochagua picha: bawa liko wapi? Kamera za leo zinakupa picha 10, 20 kwa sekunde, lakini nyingi ndani yake hazina maana. Bawa likiwa katikati, limenyooka sambamba na jicho lako, unaona mstari tu, ndege kama kijiti kilichotupwa. Unataka bawa limepanda juu kabisa, uone tumbo na kwapa, au limeshuka chini kabisa, uone mgongo. Kati ya hayo mawili futa. Futa bila huruma. Mimi katika 300 hubaki na nne, na mke wangu akiona hizo nne huniambia mbili zinafanana.

Kuhusu namba sitakaa sana, maana najua kuna waliokuja na daftari kwa ajili hiyo tu. Buabua ana kasi na hageuki kwa adabu: shata, lile pazia la kamera, lifunguke kwa 1/2000 ya sekunde, ndiyo ya kuanzia; 1/3200 ni salama zaidi. Shakwe ni mzito, hata 1/1600 utamkamata. Fokasi, ile inayomweka ndege wazi bila ukungu, iwe ile inayomfuata akisogea, si ile inayofunga mahali pamoja. Mshike kwenye kioo tangu akiwa mbali, mdogo, uende naye. Ukisubiri awe mkubwa umechelewa.

Lakini mwanga, hapo nitakaa. Nani hapa amepiga harusi ya kwetu, kanzu upande huu, buibui upande ule? Kamera ikiona buibui inasema giza, inaongeza mwanga, na kanzu inaungua. Nilishaunguza kanzu ya bwana harusi mmoja, ile darizi ya shingoni ambayo mama yake alikaa nayo miezi, yote ikawa weupe mtupu kama karatasi. Yule mama hakuniambia kitu. Aliitazama picha, akanitazama, akairudisha kwenye bahasha. Afadhali angenitukana.

Buabua ni kanzu. Mgongo wa kijivu hafifu, kifua cheupe, na ndani ya ule weupe mna manyoya yamepangwa moja moja. Anapita mbele ya maji mazito, kamera inaongeza mwanga, anaungua. Sekunde mbili baadaye anapanda mbele ya mbingu nyeupe, kamera inapunguza, anakuwa mweusi. Lakini jamani, jua lililomwangukia limebadilika? Halijabadilika. Ni lile lile. Kilichobadilika ni ukuta wa nyuma yake. Kwa hiyo iondoleeni kamera uamuzi. Pangeni kwa mkono. Jua likishapanda na mbingu ikiwa safi, mimi huanza na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 400, tundu la lenzi f/8, shata 1/2500, napiga picha moja ya ndege mweupe aliyetua, naikuza, natazama kifuani kama manyoya yapo. Yakiwepo sigusi kitu tena mpaka wingu lije. Apite mbele ya mto, apite mbele ya mbingu, shauri yake. Akija shakwe yule wa kahawia, mwenye kichwa kama aliyevaa kofia nzito, hapo ongeza mwanga kidogo. Huyo ni mgeni wetu wa zamani. Wengi wao huzaliana Bahari ya Shamu na pwani za Oman, na kaskazi ndio msimu wao huku, kama yalivyokuwa majahazi. Nikimwona wa kwanza Sabaki nasema karibu bwana, tende ziko wapi?

Nije kwenye kupanga picha yenyewe. Nilipojifunza yote haya nikapata picha niliyojivunia sana. Buabua mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, kaijaza fremu pembe hadi pembe, kidagaa kimebanwa katikati ya mdomo, na kile kidagaa jicho lake linang'aa. Nikamwonyesha dada yangu. Akaitazama akasema, "Nzuri. Ya pasipoti?"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki. Nyuma ya yule ndege palikuwa na buluu tu. Angeweza kuwa popote duniani. Hakuwa na mahali anapotoka wala anapokwenda, kasimamishwa mbele ya pazia la studio. Nami nilikuwa nimesimama Sabaki! Mvua za bara zilikuwa zimenyesha, mto umeshuka mwekundu kama chai ya tangawizi, unaingia kwenye bahari ya kijani, na pale zinapokutana kuna mstari unaouona kwa macho, povu upande huu, tope upande ule. Yote hayo nilikuwa nayo mbele yangu, nikapiga buluu.

Nikarudi. Safari hii sikutafuta ndege. Nilikaa chini, nikalala kifudifudi kwenye mchanga, kamera usawa wa maji, nikatafuta ukuta wa nyuma. Nikaupata: ule mstari wa maji mekundu, ng'ambo yake mikoko imefifia kwa umbali. Nikahakikisha mstari wa maji umelala sawa, maana bahari ikipinda kwenye picha mtazamaji anahisi itamwagika. Nikaupandisha juu kidogo ya fremu, usije ukapita kwenye shingo ya ndege ukamkata kichwa. Nikaacha upande wa kushoto wazi, kwa sababu kusi lilikuwa linavuma na nilijua ndege atakwenda kushoto. Kisha nikangoja.

Alipita wa kwanza juu mno. Wa pili na wa tatu walipita pamoja, bawa la huyu limeingia kwenye kichwa cha yule. Wa nne alikuja chini, karibu aguse maji kwa ncha ya bawa, na kivuli chake kikawa kinamfuata juu ya wekundu ule. Nikabonyeza. Ndege mwenyewe kwenye picha ile ni mdogo, hafiki hata sehemu moja ya sita ya upana. Mbele ya mdomo wake kuna nafasi kubwa tupu, na nyuma yake kidogo tu. Dada yangu akaichukua simu, akakaa nayo. Akauliza, "Anakwenda wapi?"

Mnasikia swali hilo? La kwanza lilikuwa la pasipoti. La pili lilikuwa la safari. Ile nafasi mbele ya mdomo ndiyo iliyomfanya aulize. Ndege akigusa ukingo wa fremu kwa mdomo, amegonga ukuta. Mpe uwanja wa kwenda. Na mabawa yasikatwe, isipokuwa umeamua kuyakata kweli kweli. Ncha moja iliyokosekana inaonekana ajali, kama picha ya familia iliyokosa kiatu cha babu.

Kundi ni gumu zaidi. Ndege 200 wakiruka pamoja mtu hujisikia tajiri, anabonyeza tu. Matokeo yake ni pilipili iliyomwagika. Tafuta pembe ya kundi, pale wawili watatu wamejitenga, wamegeuka pamoja, kila mmoja na nafasi yake.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu kurusha ndege. Manahodha, mnanijua, siwasemi vibaya. Lakini nilikuwa kwenye mashua moja, mgeni akasema, "Piga makofi, waruke." Nahodha akapiga makofi, bahasha ya mwisho wa safari iko kichwani mwake, namwelewa. Fungu zima likainuka. Mgeni akapiga picha kama bunduki ya Marey. Nikamwomba anionyeshe. Mkia! Ndege anayekukimbia anakupa nini kingine? Yule anayekuja kutua penye wenzake waliotulia ndiye anayekuja na uso.

Na kuna mahali makofi ni zaidi ya picha mbaya. Pale Whale Island, mbele ya Watamu, buabua huzaliana wakati wa kusi, wakiwemo wale ambao kifua chao huwa na wekundu hafifu wa waridi. Yai liko juu ya mwamba mtupu. Mama akiinuka, jua la saa sita liko juu ya yai, na kunguru hawa wetu wa mijini hawakawii. Msimu huo mimi sishuki wala sisogezi mashua. Lenzi haifiki? Basi haifiki. Napiga kisiwa chenyewe, mawimbi yanavunjikia chini, ndege juu yake kama cheche, na picha hiyo nimeiuza mara nyingi kuliko ile ya pasipoti.

Kabla sijashuka, chumvi. Ukirudi nyumbani futa kamera kwa kitambaa kilicholoa maji baridi ya bomba, ukikamue vizuri, kisha kikavu. Usifute lenzi kwa kanga ya baharini yenye mchanga. Nimemaliza na chumvi.

Mwezi kumi na tisa tunakwenda Sabaki pamoja. Tukutane darajani saa kumi na moja alfajiri, tutembee kwa miguu. Nguo za rangi ya mchanga au ya majani. Anayekuja na shati jeupe atakaa nyuma yangu. Njooni na maji ya kunywa na kitu cha kulalia. Mjomba nilimwalika, amekataa, anasema magoti. Ila ameagiza kila mmoja wenu ampelekee picha moja barazani siku inayofuata, na akiona mkia ndiye huyo wa kumnunulia kahawa.